Jiji Likiwa na Uhaba wa Nyumba, Ardhi ya Umma Isipigwe Mnada

Mwanzoni mwa miaka ya 2010 familia 644 ziliondolewa Magomeni Kota, kando ya Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, ili nyumba kuukuu za enzi za ukoloni zivunjwe na mahali pake pajengwe majengo ya kisasa. Kuvunja kulikwenda upesi, lakini ujenzi haukuanza. Mpango wa kumpata mwekezaji ulikwama, kiwanja kikaota majani katikati ya jiji lenye njaa ya nyumba, na wapangaji wa zamani wakatawanyika kila mmoja alikoweza kulipa kodi. Oktoba 2016 Rais John Magufuli alifika mahali hapo, akaagiza serikali ijenge kwa fedha zake yenyewe kupitia Wakala wa Majengo Tanzania (TBA), na akaahidi kwamba waliovunjiwa wangeishi humo miaka 5 bila kulipa kodi. Machi 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliyazindua majengo hayo, yenye makazi 656.

Ukitoa 644 katika 656 unabaki na 12. Baada ya takribani muongo mmoja na matumizi ya zaidi ya shilingi bilioni 52, ardhi ya umma iliyo hatua chache kutoka njia ya mabasi ya mwendokasi iliongeza, katika awamu hiyo, makazi 12 juu ya idadi ya familia zilizokuwapo, katika jiji ambalo sensa ya mwaka huohuo ililikuta na watu 5,383,728. Sisemi hivyo kuubeza mradi. Serikali iliyowarudisha watu wake mahali palepale ilipowatoa, kisha ikafungua mazungumzo ya kuwauzia makazi hayo kwa utaratibu wa mpangaji mnunuzi, yaani mpangaji kulipa kidogokidogo hadi makazi yawe yake, imefanya jambo ambalo miji mingi yenye fedha kuliko sisi imelikwepa. Hata hivyo, haki kwa familia 644 na jibu kwa uhaba wa nyumba unaokadiriwa kufikia milioni 3 nchi nzima ni mambo mawili, na lililotimizwa Magomeni ni lile la kwanza tu.

Nairobi imekwenda upande mwingine. Katika mtaa wa zamani wa Pangani, ardhi ya serikali ya kaunti iliyokuwa na nyumba 48 za wapangaji ilitolewa kwa ubia na kampuni binafsi ili zijengwe nyumba zaidi ya 1,500, baadhi kwa bei nafuu iliyopangwa na nyingine kwa bei ya soko, na wapangaji wa zamani wakaahidiwa nafasi humo. Kwa hesabu ya vyumba, hapo kiwanja kimetumika ipasavyo. Kaloleni, Ziwani, Shauri Moyo na mitaa mingine ya Eastlands iliyojengwa na baraza la jiji la zamani nayo ina nyumba za chini zilizotapakaa juu ya ardhi ambayo leo ni ya thamani kubwa mno, na hakuna mpangaji miji makini atakayeshauri iachwe ilivyo kwa miaka 50 mingine. Wasiwasi wa wakazi wa mitaa hiyo, unaosikika katika kila kesi inayofunguliwa mahakamani, unahusu mahali watakapokuwa siku majengo yatakapokamilika, na bei watakayotajiwa siku hiyo.

Nisemapo ardhi ya umma sikusudii maana pana ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, ambayo kwayo ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Nakusudia viwanja vilivyo mikononi mwa serikali kuu, halmashauri, wakala na mashirika: kota za watumishi, karakana, maghala, viwanja vya reli, ofisi zilizoachwa wizara zilipohamia Dodoma, na majumba ambayo Shirika la Nyumba la Taifa (NHC) limeyamiliki tangu liunganishwe na ofisi ya Msajili wa Majumba mwaka 1990. Kwa mji usio na fedha nyingi, viwanja hivyo ndivyo ruzuku kubwa kuliko zote uliyo nayo, kwa sababu havihitaji kukopewa wala kupitishiwa kasma bungeni. Vimeshalipiwa. Swali la uchumi ni namna ya kuitumia ruzuku hiyo bila kuimaliza.

Hoja ya wanaotaka kuuza isidharauliwe. Wanasema kiwanja cha ekari moja Oysterbay jijini Dar es Salaam au Upper Hill jijini Nairobi kikiuzwa kwa bei ya soko kitaleta fedha za kununua ekari nyingi pembezoni mwa jiji, ambako familia nyingi zaidi zitapata nafasi, kwa hiyo ni ubadhirifu kumjengea mtu wa kipato cha chini mahali ambapo tajiri yuko tayari kulipa mara 10. Kwenye karatasi hoja hiyo haina doa. Inapokwama ni katika safari ya fedha kutoka akaunti ya mauzo hadi kwenye tofali, kwa kuwa fedha za mauzo huingia mfuko mkuu, na mfuko mkuu una madeni, uchaguzi na barabara zilizobebwa na mvua. Tena mtu aliyepelekwa Chamazi au Mbagala ndani, huku kibarua chake kikiwa Kariakoo, hulipa tofauti hiyo ya bei ya kiwanja kila siku kwa nauli na kwa saa za kusimama kwenye daladala. Gharama haikupotea, imehamishwa tu kutoka vitabu vya serikali kwenda mfukoni mwa mpangaji.

Kuuza tumeshakujaribu. Kuanzia mwaka 2002 serikali ya awamu ya tatu iliuza maelfu ya nyumba zake, nyingine zikiwa katika maeneo ghali kabisa ya Dar es Salaam, kwa bei ambazo zililalamikiwa bungeni na mitaani kwa miaka mingi. Walionunua hawakutenda kosa, wengi wao wakiwa watumishi waliouziwa nyumba walizokuwa wakiishi. Lakini ongezeko lote la thamani ya viwanja hivyo katika miaka 20 iliyofuata limekwenda kwa watu binafsi, na serikali iliyouza inaendelea hadi leo, kupitia wakala uleule wa majengo, kutafuta fedha za kuwajengea watumishi wake nyumba nyingine. Ukiuliza thamani ya ekari moja ya ardhi hiyo leo, utaelewa kwa nini mwenye kiwanja mjini asiyebanwa na deni huwa hauzi: hupangisha.

Kupangisha ndiko ninakokutetea, na sheria zilizopo zinakuruhusu. Hati za miaka 33, 66 na 99 si ngeni kwetu, na Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inamwezesha mtu kumiliki makazi yake ndani ya ghorofa bila kumiliki kiwanja peke yake. Singapore, ambayo bodi yake ya nyumba iliundwa mwaka 1960 na ambayo takribani watu 8 kati ya 10 wanaishi katika nyumba zilizojengwa na bodi hiyo, huuza makazi hayo kwa hati ya miaka 99 na kubaki na ardhi. Mkazi anaweza kuuza, kurithisha na kukarabati, ila muda ukiisha ardhi inarudi serikalini. Halmashauri ya Kinondoni au kaunti ya Nairobi ikifanya hivyo itakuwa imewaachia wajukuu uamuzi ambao kizazi hiki hakina ujuzi wa kutosha kuwafanyia.

Kubaki na hati, hata hivyo, hakutoshi kuzifanya nyumba ziwe nafuu, na hapa wengi wetu tunaotetea ardhi ya umma huishia njiani. Tuchukue takwimu za Magomeni zenyewe. Shilingi bilioni 52 zikigawanywa kwa makazi 656, kila moja limegharimu karibu shilingi milioni 80, na humo hakuna bei ya kiwanja. Mtu akizikopa milioni 80 benki kwa riba ya asilimia 15, ambayo kwa mikopo ya nyumba Tanzania ni ya upande wa chini, na kuzirejesha kwa miaka 20, atalipa zaidi ya shilingi milioni 1 kila mwezi. Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma, tangu kilipopandishwa Julai 2025, ni shilingi 500,000. Kwa hiyo hata ardhi ikitolewa bure, mtumishi huyo mwenye ajira ya kudumu na hati ya mshahara angedaiwa mara 2 ya mshahara wake wote kabla hajanunua unga. Mkopo huohuo usio na riba, ukilipwa kwa miaka 30, unashuka hadi kama shilingi 222,000 kwa mwezi. Riba inamuumiza mnunuzi kuliko bei ya kiwanja.

Hesabu hiyo inanifikisha mahali ambapo wanasiasa wengi hawapapendi, kwa sababu kukabidhi funguo za nyumba ya kununua hupendeza zaidi kwenye picha. Sehemu kubwa ya nyumba zinazojengwa juu ya ardhi ya umma katika kipindi cha uhaba inapaswa kuwa ya kupangisha, kwa kodi inayotosha kuendesha jengo na kurejesha mtaji taratibu, na mwenye nyumba awe chombo cha umma au ushirika wa wakazi. Mpangaji wa uswahilini leo hulipa kodi ya miezi sita au mwaka mzima kwa mkupuo, humpa dalali kodi ya mwezi mmoja juu yake, na bado anaweza kuambiwa apishe kwa sababu mtoto wa mwenye nyumba anaoa. Kwake, nyumba ya kupanga yenye mkataba wa maandishi, inayolipwa mwezi kwa mwezi na ambayo kodi yake hupanda kwa kiwango kinachojulikana, ni unafuu mkubwa hata kama haitakuwa mali yake kamwe. Kenya imejipatia chanzo cha fedha kwa Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya Machi 2024, inayomkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara wake ghafi na kumtaka mwajiri aongeze kiasi hichohicho, baada ya Mahakama Kuu kuitupa tozo ya awali Novemba 2023. Fedha hizo zikielekezwa karibu zote kwenye nyumba za kuuza, kutakuwa na wafanyakazi wengi watakaochangia nyumba ambazo mishahara yao haiwezi kuzinunua.

Fedha za kuifidia kodi nafuu zitoke wapi? Sehemu yake iko palepale kiwanjani, iwapo jiji litajenga kwa wingi unaolingana na mahali. Mtaa ulio kandokando ya mwendokasi unabeba watu wengi kuliko majengo ya ghorofa chache, mradi bomba la maji, mfumo wa majitaka na shule vihesabiwe mapema. Ghorofa ya chini iwe ya fremu za biashara, sehemu moja ya makazi ipangishwe kwa bei ya soko bila kuona haya, na kodi hizo zipunguze za wengine. NHC imelijua jambo hili Kariakoo na Upanga kwa miaka mingi: shirika linaleta kiwanja, mbia analeta mtaji, na jengo likikamilika wanagawana. Kasoro ya ubia wa aina hiyo iko katika thamani ya kiwanja inayoandikwa siku ya kusaini. Mradi ukichelewa miaka 7, thamani ya ardhi imepanda na mgawo umebaki uleule, hivyo ucheleweshaji unamlipa mbia. Mkataba unapaswa kusema kinyume chake, yaani kila mwaka wa kuchelewa umpunguzie mbia fungu, na msingi usipoonekana ndani ya muda uliowekwa kiwanja kirudi bila kesi.

Jiji la Vienna, ambako karibu nusu ya wakazi wanaishi katika nyumba za manispaa au zilizojengwa kwa ruzuku, lina mfuko wa ardhi ulioanzishwa mwaka 1984 wenye kazi ya kununua na kutunza viwanja kwa ajili ya nyumba. Mfuko huo hausikilizi nani ametaja bei kubwa. Tangu mwaka 1995 waendelezaji wamekuwa wakishindanishwa kwa ubora wa usanifu, gharama kwa mpangaji na utunzaji wa mazingira, na baadaye kikaongezwa kigezo cha maisha ya pamoja ya wakazi. Tofauti na zabuni zetu ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kwa taratibu zetu, anayeshinda ni aliyetoa kitita kinono zaidi kwa ajili ya kiwanja, naye hana mahali pa kukirudisha kitita hicho isipokuwa kwa wanunuzi. Ukiifunga bei ya ardhi na kuwashindanisha kwa kodi watakayotoza, atashinda anayejua kujenga kwa gharama ndogo. Jambo hili halihitaji utajiri wa Austria, bali ukurasa mmoja tofauti katika nyaraka za zabuni.

Kazi iliyobaki ni watu waliopo, na hapa sioni pa kulegeza. Heygate, mtaa wa manispaa ya Southwark jijini London uliokuwa na nyumba zaidi ya 1,000, ulihamwa na kuvunjwa, ardhi ikauzwa kwa kampuni ya uendelezaji, na katika maelfu ya makazi yaliyojengwa mahali pake yale ya kodi nafuu kwa kiwango cha zamani hayakuzidi takribani 100. Makelele yaliyotokana na miradi ya namna hiyo ndiyo yaliyomfanya Meya wa London mwaka 2018 aweke sharti kwamba miradi mikubwa ya kuvunja mitaa inayotaka fedha zake ipigiwe kura kwanza na wakazi. Katika miji yetu kura ya namna hiyo itakuwa na ugumu wake, maana orodha ya wapangaji wa kota haifanani na watu wanaolala humo. Jina lililo kwenye mkataba huenda ni la marehemu baba, chumba cha mbele amekipanga fundi cherehani, na kibanda cha uani kina kijana anayemlipa mjane wa marehemu kwa mkono bila risiti. Fidia ikifuata jina la mkatabani peke yake, watu wawili kati ya hao watatu hawatapata chochote, na mara nyingi ndio wenye kipato kidogo zaidi. Sensa ya wakazi ifanyike kabla ya mradi kutangazwa, ili isiwahiwe na wahamiaji wa ghafla, na kila aliyehesabiwa apewe hati ya kurudi yenye kodi iliyotajwa kwa tarakimu.

Kuvunja nako kuna mpangilio wake. Karibu kila kota ina uwanja, karakana iliyokufa au kona tupu, na jengo la kwanza lisimame hapo. Wakazi wa nyumba za upande mmoja wahamie humo, nyumba zao zivunjwe, lipande jengo la pili, na kadhalika hadi mtaa uishe. Njia hii ni ya polepole na wakandarasi hawaipendi kwa kuwa wanafanya kazi kati ya watu na vumbi lao linalalamikiwa kila asubuhi. Faida yake ni kwamba mwekezaji akikimbia, kinachobaki ni mtaa uliojengwa nusu na watu wote wakiwa ndani, badala ya uwanja wa majani.

Zipo pia gharama ambazo mchoro hauzionyeshi. Mama aliyekuwa akikaanga maandazi barazani na kupangisha jokofu kwa jirani muuza samaki, akipandishwa ghorofa ya sita anapoteza biashara siku anapopata choo cha ndani. Lifti ikifa, na huwa zinakufa, ndoo za maji hupanda ngazi, na ada ya matunzo ambayo haikuwapo kwenye nyumba ya zamani huanza kudaiwa kila mwezi na watu waliozoea kuziba bati lao wenyewe. Mradi unaotenga vibanda vya chini kwa wakazi waliokuwapo, na unaoiingiza ada ya lifti, pampu na usafi ndani ya kodi tangu siku ya kwanza, utadumu. Ule unaoiacha ada hiyo iamuliwe na kamati ya wakazi baada ya uzinduzi utazeeka ndani ya miaka 10, na tutaambiwa tena kwamba nyumba ni kuukuu na inafaa kuvunjwa.

Mtihani unaofuata hauko mbali. Mradi wa bonde la Msimbazi, unaogharamiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Dunia, umeshaanza kuwaondoa watu katika maeneo yanayofurika kuanzia Jangwani, na mipango yake, pamoja na daraja na bustani ya jiji, inahusu kuinua ardhi ya kingoni ili iweze kujengwa. Itakuwa ardhi mpya ya umma, mita chache kutoka Kariakoo na katikati ya njia za mwendokasi, na tangu ikauke itakuwa na wateja. Kwa sasa bado ni rahisi kuandika ni sehemu gani itabaki mikononi mwa jiji, ni makazi mangapi kati yake yatakuwa ya kupangisha, kodi ya kuanzia itakuwa shilingi ngapi, na ni wakazi gani wa Jangwani, Magomeni na Kigogo watakaotangulizwa. Mambo hayo manne yachapishwe katika Gazeti la Serikali kabla ya zabuni ya kwanza kutangazwa, kwa sababu baada ya hapo kila tarakimu itakuwa na mwekezaji aliyeikalia.